Sentensi Ambayo Mume Wangu Hakuipoteza

Mume wangu hakuwa mlevi, hakuhongwa, wala hakuanzisha vita. Naanza na hayo matatu kwa sababu ndiyo yanayozunguka saluni na kwenye foleni za benki tangu toleo jipya la Kitabu cha Kijivu litoke. La nne linanihusu mimi: ati nilikwenda kumlilia mhariri mpaka akanionea huruma, kisha nikamshika mkono mzee mgonjwa kitandani ili atie saini. Mhariri hajawahi kuliona chozi langu. Mzee naye alikuwa ameketi kitini, amevaa viatu, anasikiliza taarifa ya habari, na kalamu aliitoa mfukoni mwake mwenyewe. Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, na najua kwamba uvumi ukiachwa ulale huamka umekuwa ushahidi. Kwa hiyo nayaandika mwenyewe, mara moja.

Mume wangu alikuwa mtoto wa fundi cherehani. Alijifunza kusoma kwenye magazeti ambayo baba yake aliyakatia vipimo vya nguo, kwa hiyo kila habari aliyoisoma utotoni ilikuwa na tundu lenye umbo la mkono wa shati au la kola. Maneno yaliyokwenda na mkasi aliyajaza mwenyewe. Alipenda kusema kwamba shule ilipomfundisha kusoma kurasa nzima aliona kama anadekezwa.

Aliingia Wizara ya Mambo ya Nje akiwa mpiga chapa, na baadaye akahamishiwa Chumba cha Mafumbo. Kazi ya chumba hicho naieleza kama alivyonieleza yeye, na sitoi siri ya mtu, maana mashine zile zimekwisha kuwa vyuma chakavu. Mabalozi wetu walileta simu zao za maandishi kwa tarakimu tupu. Makarani wawili walikaa wakitazamana. Mmoja alisoma tarakimu, mwenzake akazitafuta katika kitabu cha mafumbo na kuandika maneno yake. Sheria ilikuwa kwamba maneno hayo hayatoki chumbani kama yalivyoingia. Adui akizinasa tarakimu hewani, kisha siku moja akayasoma maneno yale yale gazetini, atalinganisha na kuupata ufunguo. Kwa hiyo mwandishi alipaswa kuisimulia simu upya, maana ile ile kwa maneno mengine, na karatasi ya kwanza ikachomwa ndani ya pipa papo hapo. Msomaji alikuwa rafiki yake. Mwandishi alikuwa mume wangu.

Kazi hiyo ilimwingia kwenye damu. Nyumbani hakuweza kurudia kauli ya mtu kama ilivyosemwa. Nikimtuma mtoto amwambie kwamba chakula ki tayari, baba yake atakwenda kumwita mgeni wake kwa kusema, "Meza imetukumbuka." Binti yetu mkubwa alikuja jikoni siku moja amenuna.

"Mama, baba amekataa kusema ndiyo."

"Amesemaje?"

"Amesema kwa upande wake haoni kizuizi."

Hata siku aliyokuja kwa baba yangu kuniposa alisema, "Mzee, nimekuja kuomba mke. Kwa maneno mengine, bintiyo akinikataa, mimi sina pa kwenda."

Baba yangu alipenda utani. "Na kwa maneno mengine tena?"

"Kwa maneno mengine tena, mzee, nina njaa, na shangazi kasema hapakuliwi mpaka nijibiwe."

Tangu siku hiyo wakwe zangu na majirani walimwita Bwana Maneno-Mengine, naye akaitika. Lilikuwa jina la mapenzi. Sikujua kwamba siku moja lingegeuzwa kamba ya kumfungia.

Yule rafiki yake, msomaji, watu walimwita Pacha. Baba mkwe wangu alikuwa akiwashonea mashati kutoka jora moja la kitambaa, nao wakitoka kazini pamoja walionekana kama vijana wa kwaya waliopotea njia. Watoto wangu walimwita baba mdogo. Mimi nilimwita shemeji, na neno hilo nililimaanisha.

Miezi ya kabla ya vita, wawili hao walirudi nyumbani macho mekundu. Majeshi ya nchi jirani yalikuwa yameshika daraja la mpakani. Waziri alihutubia, redio ikapiga nyimbo, vijana wa mtaa wetu wakaanza kukimbia asubuhi kwa mwendo wa kijeshi bila kuambiwa na mtu. Kisha vita ikaja, ikala ilichokula, ikaisha. Sina la kuongeza hapo. Kila nyumba ina picha yake ukutani.

Vita ilipokwisha, serikali ikatoa kitabu rasmi cha barua na simu zote zilizopita kati yetu na jirani kabla ya risasi ya kwanza, ili ulimwengu uone kwamba hatukuitafuta shari. Kwa sababu ya jalada lake watu walikiita Kitabu cha Kijivu. Katika simu ya mwisho iliyochapwa humo, balozi wetu anaarifu kwamba jirani amekataa kuondoka darajani. Basi. Tulisoma, tukaridhika.

Mambo yaliharibika pale waziri wa zamani wa jirani aliposema redioni kwamba yeye alikubali kuondoa majeshi, ila aliomba angojwe mpaka baraza lake likae, na kwamba balozi wetu alilipokea pendekezo hilo kwa mkono wake. Balozi wetu alikuwa amekwisha kufa. Wenye watoto kaburini wakauliza: pendekezo lilikwenda wapi? Ikaundwa tume. Tume ilikuta kwamba simu ya asili ilichomwa kwa mujibu wa sheria, na kwamba maneno yaliyomfikia waziri yalikuwa maneno mengine. Nani aliyabadilisha? Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuyabadilisha, na mtaa mzima unamwita hivyo.

Alistaafishwa kwa manufaa ya umma. Toleo la pili la Kitabu cha Kijivu likatoka na tanbihi chini ya simu ile ya mwisho: "Pendekezo la jirani halikumfikia Waziri, kutokana na kosa la karani wa mafumbo wakati wa kubadilisha maneno." Hawakumtaja jina. Hapakuwa na haja.

Toleo hilo likaingizwa katika masomo ya sekondari, na mimi ndiye niliyelifundisha. Tulisoma kwa zamu, na zamu ya ukurasa ule ilimwangukia msichana mmoja wa dawati la mbele. Alipofika kwenye tanbihi alinyamaza, akanitazama. Nyuma mtu alikohoa kikohozi kisichokuwa cha mafua.

Nikamwambia, "Soma. Tanbihi nayo ni sehemu ya kitabu."

Akasoma. Nikasema, "Vizuri. Anayefuata." Nilifanya hivyo kila mwaka mpaka nilipostaafu, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniona nikilikwepa lile somo.

Mume wangu aliweka meza na kiti nje ya posta, akawa anawaandikia watu barua. Kazi alikuwa anaiweza. Mama mmoja angefika anafoka, "Mwandikie huyo mwanaume kwamba ni mbwa, na mama yake ni mbwa, na asikanyage kwangu!" Mume wangu angeandika taratibu, kisha amsomee: "Nimesikitishwa na mwenendo wako, na kwa sasa naona heri tukae mbalimbali." Mama yule angetulia, aseme, "Ehee. Hivyo hivyo." Lakini walikuwapo pia waliopita wakipaza sauti: "Usimpe huyo, mama! Atakuanzishia vita na mkweo!" Watu wangecheka. Naye angechonga penseli yake kama hakusikia.

Mimi nilimuuliza mara moja tu. Nilisema, "Uliipoteza ile sentensi?"

Akasema, "Hapana."

"Basi nani?"

"Mke wangu, waliokuwa juu yetu ni wengi, na karatasi zimechomwa."

Nikamwamini. Nikayaacha hapo kwa sababu nilidhani kwamba anayojua yeye ndiyo niliyoambiwa mimi.

Katika miaka hiyo yote ni mtu mmoja tu wa wizarani ambaye hakutukimbia. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Pacha alibisha hodi. Sasa alikuwa mkuu wa Chumba cha Mafumbo, ana gari la kazini, lakini aliliegesha mbele ya nyumba yetu waziwazi, watu wote walione. Nilimtolea vikombe vya wageni. Wawili hao walikaa sebuleni, wakazungumza habari za mpira na za magoti yao, nami nikasema moyoni kwamba kumbe bado kuna watu.

Mume wangu alipofariki, Pacha ndiye aliyesimama kuzungumza kwenye maziko. Alisema, "Marehemu alikuwa binadamu. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kukosea neno? Tumsamehe, naye apumzike." Wanawake walilia. Nami nilimtuma binti yangu akampe mkono wa shukrani, kwa jinsi alivyotusitiri.

Sheria ya nyaraka ilipobadilishwa na mafaili ya zamani yakaruhusiwa kusomwa, nilikwenda Idara ya Nyaraka. Sikwenda kutafuta simu, nilijua ni majivu. Nilitaka kuyasoma maelezo ya mume wangu mbele ya tume, nimsikie akizungumza. Chumba cha kusomea kilikuwa na meza ndefu, feni mbili zinazozunguka kwa uvivu, na amri ya kutumia penseli peke yake. Binti wa zamu, aliyevaa glavu nyeupe, aliniletea faili la tume. Kurasa za shahidi wa pili zilikuwa zimetolewa kwa kuwa shahidi huyo bado yu hai. Sikujali. Za mume wangu zilikuwapo.

Alikuwa amesema jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Simu ikiwa nzito, Chumba cha Mafumbo kilikuwa na desturi ya kurudisha maana: yale maneno mengine yalipelekwa kwanza kwa balozi mwenyewe, naye akajibu kama yameeleweka sawasawa, ndipo waziri akapelekewa. Mume wangu aliiambia tume, "Nilirudisha maana mchana ule ule, na balozi alikubali. Tafuteni kwenye mafaili ya ubalozi." Chini yake tume iliandika kwamba mafaili ya ubalozi yalipotea wakati ubalozi ukifungwa kwa haraka.

Nikamuuliza yule binti, "Ubalozi ulipofungwa, ni nini kilichorudi?"

Alipekua orodha yake. "Hakuna mafaili, mama. Kuna fanicha tu."

"Nionyeshe hizo fanicha."

"Ni makaratasi ya viti na mapazia, mama."

"Mwanangu, nimesahihisha mitihani ya historia miaka na miaka. Viti na mapazia havinitishi."

Akacheka, akaenda. Sanduku aliloniletea lilikuwa na habari za mapazia, vijiko, na zulia lililoliwa na panya. Halafu palikuwa na bahasha kubwa ya kaki iliyoandikwa, "Meza ya balozi: vilivyokutwa kwenye droo." Balozi aliondoka mbiombio, droo haikufunguliwa, na meza ikarudishwa nyumbani kama samani. Aliyeipokea bandarini alikuwa mtu wa ghala, akaviandikisha vilivyokuwamo kama samani pia. Tume ilitafuta faili. Hakuna aliyefikiria kutafuta meza.

Ndani yake mlikuwa na karatasi moja ya simu, nami niliyatambua maneno ya mume wangu kabla sijafika mwisho wa mstari wa kwanza, kama mtu anavyotambua hatua za mumewe koridoni. "Jirani yu radhi kuliacha daraja endapo atangojwa hadi baraza lake likae. Anachoomba ni muda. Haombi vita." Chini yake balozi ameandika kwa mkono, "Sawasawa kabisa." Na pembeni, kama sheria ilivyotaka, alama mbili za Chumba cha Mafumbo: ya mwandishi na ya msomaji.

Yule binti aliniuliza kama nahitaji maji. Nikamwambia nahitaji nakala.

Wizara ilikuwa inaandaa toleo jipya la Kitabu cha Kijivu. Mhariri wake aliisoma nakala yangu akiwa amesimama, kisha akaketi. Alisema kwamba karatasi hiyo inatosha kuitilia shaka tanbihi, lakini ili iondolewe kabisa anahitaji mwenye alama ya pili, ambaye yu hai, athibitishe kwamba alama hiyo ni yake. La sivyo, wataandika kwamba suala hilo lina utata. Utata! Mume wangu alikuwa amezikwa na kosa, sasa angefufuliwa na utata.

Sikuona tatizo. Mwenye alama ya pili alikuwa Pacha. Nilikwenda kwake asubuhi iliyofuata nikiwa nimevaa vizuri, na naona haya kusema kwamba njiani nilikuwa natabasamu peke yangu. Nilikuwa nampelekea habari njema.

Alikuwa sebuleni, redio iko wazi. Mkewe akatuletea chai akarudi ndani.

Nikasema, "Shemeji, imepatikana!" Nikamwekea nakala magotini.

Akavaa miwani. Akasoma. Akazima redio.

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye droo ya meza ya balozi. Ilihesabiwa na fanicha."

Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Basi kumbe tuliikalia." Kisha akaikunja karatasi. "Shemeji, usiipeleke hii."

"Kwa nini?"

"Waziri amekufa. Balozi amekufa. Mwenzangu amekufa. Unamsafisha nani?"

"Namsafisha mume wangu. Wewe thibitisha alama yako tu."

Alikuwa anaitazama chai yangu. Na mimi, niliyewafundisha watoto wa watu kusoma nyaraka za ushahidi, ndipo nilipokumbuka kwamba zile kurasa zilizotolewa kwenye faili zilikuwa za shahidi aliye hai.

"Uliiambia nini tume?"

"Shemeji..."

"Uliiambia nini?"

"Niliwaambia hatukurudisha maana siku ile. Kwamba yeye aliandika peke yake, mimi nikatia alama bila kusoma." Akavua miwani. "Ofisi ya waziri ndiyo iliyolikata lile pendekezo. Sisi tulilipeleka kamili. Lakini waliniita wakaniambia mmoja wenu ataondoka na mwingine atabaki. Mke wangu alikuwa mjamzito."

"Na mimi nilikuwa nani? Sufuria?"

Akaanza kuifuta miwani kwa shati lake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo hii, baba mkwe wangu ndiye aliyeishona. Nilimwambia Pacha hivyo, na niliyomwambia baada ya hapo yalikuwa ya adabu, ila hayakuwa mazuri. Nilimkumbusha vikombe vya wageni. Nilimkumbusha maziko. Nilimuuliza alipata wapi uso wa kubisha hodi kwangu kila Jumapili na kumtazama mtu yule machoni.

Akasema, "Alijua."

"Nani alijua?"

"Mumeo. Walimsomea maelezo yangu palepale, mimi nikiwa nimeketi nyuma yake. Sikuwa na nia ya kuja tena kwenu, wallahi. Yeye ndiye aliyenifuata nje. Aliniambia, 'Uwe unakuja nyumbani kama kawaida. Usipokuja, mke wangu ataanza kuuliza. Akianza kuuliza hatanyamaza, atakwenda mpaka kwa waziri, watamfukuza na yeye kazi, na watoto tutawalisha nini?'"

"Alisema hivyo?"

"Kwa maneno hayo hayo."

Chai ilikuwa imepoa. Sikuigusa. Nilifungua mkoba, nikatoa karatasi, nikamwambia aniambie upya aliyoyafanya, nami nitaandika. Alisema, nikaandika. Alipofika mahali pa kusema kwamba aliidanganya tume, alinyoosha mkono.

"Hapo, shemeji, tafadhali, andika kwa maneno mengine."

"Hapana," nikamwambia. "Leo kwa maneno hayo hayo."

Akatoa kalamu yake akatia saini. Mkewe alinisindikiza mpaka langoni akiniuliza mbona naondoka mapema. Nilimwambia nina safari ya wizarani, na ilikuwa kweli.

Toleo jipya limetoka. Simu ya mume wangu imechapwa nzima, na pale palipokuwa na kosa lake sasa pana mstari mmoja: "Tanbihi iliyokuwapo hapa katika toleo lililotangulia imeondolewa." Hawakuandika aliyesema uongo, wala aliyelikata pendekezo. Hakuna aliyekuja nyumbani kuomba radhi, hata kwa simu. Nimewagawia wanangu nakala, kila mmoja yake, na wajukuu wakifika ukurasa ule hakuna atakayekohoa.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Anayetaka kubisha aende Idara ya Nyaraka, aombe fanicha.

Limebaki swali wanaloniuliza mlangoni, wakijifanya wamekuja kunipongeza: kama nimemsamehe Pacha, na mbona kaburini kwa marehemu nilikuwa naonekana kila Ijumaa na sasa sionekani. La Pacha, muulizeni Pacha. La kaburi ni baina yangu na mtu aliyelala mle. Yeye alinyamaza nami miaka kumi na moja mezani kwangu, na zamu hii ni yangu. Sisemi zaidi.